Shavu la Kuonjea Chokaa

Kuhama shavu si kuhama kidonda. Mwanzo wa methali hii ulikuwa jambo dogo sana, na Zuena aliliona kabla ya mtu mwingine yeyote: asubuhi moja shangazi yake alionja chokaa kwa shavu la kulia.

Siku hizi methali hiyo imeenea mtaa mzima wa Magofuni. Juma lililopita bomba la mtaa lilikuwa linavuja. Mafundi walikuja, wakalitazama, wakaitoa koki upande wa kushoto wa nguzo wakaifunga upande wa kulia, wakakusanya vyuma vyao wakaondoka. Kesho yake maji yakavuja upande wa kulia. Muuza mkaa mmoja aliyekuwa amesimama na ndoo zake mbili akasema, "Kuhama shavu si kuhama kidonda," kisha akajiendea zake. Wasichana waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Shavu na bomba vina undugu gani? Wakamuuliza huyu, wakamuuliza yule. Kila mtu alijua kuisema, na hakuna aliyejua ilikotoka. Mwishowe wakaambiwa waende kwa Bi Zuena, kwa kuwa yeye alikuwapo.

Walimkuta uani anachambua mchele. Bi Zuena sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na si mwepesi wa maneno. Aliposikia swali lao aliuweka ungo chini, akawaambia waketi, na wasimkatize, maana habari hii humtia hasira kila anapoikumbuka, na mtu mwenye hasira akikatizwa husahau alipofika. Basi wakaketi. Aliyowaeleza ni haya.

Wakati huo Zuena alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Shule aliiacha darasa la tano mama yake alipofariki, akaja kukaa kwa shangazi yake, Bi Mwanakombo, dada wa baba yake. Alikuwa msichana wa haya kupita kiasi. Akitumwa sukari kilo moja akapimiwa pungufu, alirudi nayo hivyo hivyo, akala maneno ya shangazi yake badala ya kubishana na mwenye duka. Watu walimsifu kwa tabia njema. Haya na tabia njema si kitu kimoja, lakini wakati ule hakuna aliyemweleza.

Bi Mwanakombo alikuwa akiuza tambuu barazani kwake, karibu na soko. Hakuna shughuli iliyopita Magofuni bila mkono wake: posa, harusi, hata mazungumzo ya kupatanisha mke na mume, kote kilitangulia chano cha tambuu za Bi Mwanakombo. Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Jani lilifutwa kwa kitambaa kibichi, likapakwa chokaa, likawekwa popoo iliyokatwa nyembamba, katu yenye rangi nyekundu, hiliki, na tumbaku kwa anayeitaka, kisha likakunjwa na kubanwa kwa karafuu. Na kitu kigumu katika yote hayo ni chokaa. Ikiwa kali huunguza mdomo, ikiwa dhaifu tambuu hailewi. Kwa hiyo watengenezaji wa tambuu wa Magofuni walikuwa na sharti lao: huuzi chokaa usiyoionja. Kila asubuhi jani la kwanza lilikuwa la mwenyewe. Bi Mwanakombo alilitia shavu la kushoto, akafumba macho, akasubiri. Kushoto ndiko kulikuwa kwa kuonjea. Kulia kulikuwa kwa starehe yake mwenyewe baada ya chakula.

Ndiyo maana Zuena alishtuka asubuhi ile ya mwezi wa Maulidi. Jani la kwanza lilikwenda kulia.

Alitazama, akainamisha kichwa, akaendelea kufuta majani. Siku ya pili likaenda kulia tena. Siku ya tatu Bi Mwanakombo alichukua kioo akakaa mlangoni penye mwanga, akavuta shavu kwa kidole, na Zuena aliyekuwa nyuma yake akakiona kidonda. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, katikati cheupe, ukingoni chekundu.

Bi Mwanakombo alisema ni chokaa. Alisema Mbaruku, aliyemletea chokaa kutoka tanuu la shamba, siku hizi anachanganya majivu. Akamwita Mbaruku, akamsema mbele ya watu mpaka yule mzee akaondoka bila kumaliza kahawa yake. Masikini Mbaruku, chokaa yake haikuwa na kosa lolote. Kisha Bi Mwanakombo akafanya kama watengenezaji wote wa tambuu walivyofanya tangu enzi za bibi zao: chokaa ikikuunguza, hama shavu siku saba, paka samli, basi.

Na kanuni hiyo ilikuwa ya kweli, hapo ndipo penye ubaya wake. Mara tisini na tisa katika mia shavu lililoungua lilipona ndani ya siku saba. Shavu la mtengeneza tambuu lilikuwa kama kidole cha mshonaji, halikosi kovu, na wanawake wale walionyeshana makovu yao kwa fahari. Kwa hiyo Bi Mwanakombo alihama shavu siku saba. Kidonda hakikupona. Akaongeza saba nyingine. Kisha akaacha kuhesabu. Kilichomdanganya zaidi ni kwamba hakikuuma. Aliwaambia wateja wake kuwa kidonda kisichouma ni kidonda kinachopona, na wateja wakaitikia kwa vichwa, midomo yao ikiwa imejaa tambuu.

Maulidi ikapita, ukaingia mwezi wa Mfungo Saba, ukaingia Mfungo Nane. Punje ya mtama ikawa punje ya hindi. Zuena alijua, kwa kuwa ndiye aliyeshika kioo. Bi Mwanakombo akaacha mhogo wa kuchoma, akaacha samaki mkavu, akawa mtu wa uji na mkate uliochovywa chai. Jino la nyuma likaanza kucheza. Sasa likauma, na kwa kuwa liliuma akaenda zahanati.

Mtu akisikia kuwa mgonjwa ameenda zahanati hushusha pumzi. Asishushe. Tabibu wa zahanati ile alikuwa akikaa nyuma ya meza, kalamu mkononi, akauliza mtu anaumwa nini. Bi Mwanakombo akasema jino. Tabibu akaandika jino. Hakusimama, hakusogea, hakumwambia afumbue mdomo. Akampa vidonge vyeupe. Juma la pili akampa vidonge vya njano. Juma la tatu akampa ile dawa ya zambarau ya kupaka, na Bi Mwanakombo akakaa barazani na ulimi wa rangi ya bilingani, watoto wakaja kumtazama. Juma la nne jino likang'olewa. Lilikuwa zima kama msumari mpya. Shimo lake halikuziba, likaungana na kidonda, kikawa kitu kimoja.

Mara nne alikwenda na mara nne hakuna aliyetazama. Kidonda kilikuwa pale pale, ndani ya mdomo wa mtu anayeongea kutwa nzima.

Safari ya tano alimkuta muuguzi mgeni, mama mfupi aliyehamishiwa hapo mwezi ule. Yule alimgeuza kuelekea dirishani, akamwambia afumbue, akatazama kwa muda mrefu, akamshika chini ya taya. Hakutoa kidonge. Aliandika barua.

Bi Mwanakombo hakujua kusoma maandishi ya kizungu, yaani yale ya shuleni. Yeye alisoma msahafu tu. Barua akampelekea kaka yake mkubwa, Hatibu, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli katika familia. Hatibu akavaa miwani, akasoma, akasema wameandika aende hospitali ya wilaya. Dada yake akauliza lini. Hatibu akajibu kuwa hawakutaja siku.

Na kweli hawakutaja siku. Mwezi uliokuwa unaingia ni Shaabani, na mwisho wa Shaabani Hatibu alikuwa anamwoza binti yake. Tambuu mia tatu zilitakiwa. Je, bibi harusi aende kwa mumewe na tambuu za watu baki, na shangazi yake yu hai? Tena watu watasema nini wakisikia mwenye chano amelazwa? Harusi haitiwi maradhi. Hatibu alisema hayo taratibu, kwa upole, kama mtu anayemhurumia dada yake. Bi Mwanakombo mwenyewe akayapokea kwa furaha, maana mtu anayeogopa jambo humshukuru sana anayempa sababu ya kuliahirisha. Barua ikakunjwa, ikatiwa ndani ya kijaluba, kile kisanduku chake kidogo cha viungo vya tambuu, chini ya popoo.

Akatokea pia jamaa mmoja wa dawa za miti shamba, aliyesema hicho ni kijicho cha wauza tambuu wenzake, na kidonda cha kijicho hakiguswi na chuma. Akaleta unga wa kupaka. Ulichoma kuliko chokaa.

Siku moja Zuena alikuwa anasafisha kijaluba. Akaikuta barua, imeingia madoa ya katu. Alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa mpaka darasa la tano. Iliandikwa: *Kidonda cha mdomo kisichopona, na uvimbe shingoni. Aonwe haraka.* Neno la mwisho lilipigiwa mstari mara mbili. Akasoma mara ya pili, akasoma mara ya tatu. Baba yake mkubwa alikuwa na miwani, alikuwa na shule, na mistari ile miwili hakuiona. Zuena aliikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, akairudisha mahali pake, akaweka popoo juu.

Harusi ilifana. Tambuu mia tatu zilikwisha kabla ya adhuhuri, na watu wakasema Bi Mwanakombo safari hii amejipita. Yeye mwenyewe hakuonja hata moja. Chokaa ya harusi ile alionja Zuena.

Siku ya tatu baada ya harusi, shangazi akiwa amekaa mkekani na Zuena nyuma yake anamsuka, vidole vya msichana vilipita chini ya sikio, vikateremka tayani, vikasimama. Palikuwa na kitu kigumu kama kokwa, hakisogei kikisukumwa.

"Suka," alisema Bi Mwanakombo.

Zuena akasuka.

Ramadhani ikaingia. Hatibu akasema hospitali baada ya Idi, mtu haanzi mwezi mtukufu kwa safari. Lakini kidonda hakikufunga Ramadhani. Siku ya tisa, wakati wa kufuturu, kijiko cha uji hakikuingia. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja, ukagoma hapo. Uji ukamiminika kidevuni, na ndani yake mlikuwa na uzi wa damu. Hatibu alikuwapo, kaalikwa futari. Aliweka tende chini. Yule yule aliyekuwa na sababu ya kila mwezi, usiku ule hakupata sababu, na asubuhi yake wakapanda basi watatu: Hatibu, dada yake, na Zuena wa kubeba kikapu.

Hospitali ya wilaya walipokewa na daktari wa meno, mwanamke mrefu aliyeitwa Daktari Singano. Aliwasha tochi, akatazama kwa shida kupitia mwanya wa kidole kimoja. Akapapasa shingo. Akazima tochi. Akavuta kiti akakaa mbele yao, magoti kwa magoti.

"Kimeanza lini, mama?"

"Juzi juzi tu," alisema Bi Mwanakombo kwa meno yaliyofungana. "Mwezi, au mwezi na siku mbili tatu."

"Mwezi," Hatibu akaunga mkono. "Ni chokaa, daktari. Ilimuunguza, akahama shavu. Hii kazi yao ndivyo ilivyo."

Daktari akaandika mwezi mmoja. Zuena aliiona kalamu ikiandika. Alikuwa amesimama ukutani na kikapu chake, na hakuna aliyekuwa amemtazama tangu waingie. Masikio yake yalipata moto. Baadaye hakukumbuka alivyofungua mdomo, alikumbuka tu kwamba alikuwa akiisemesha sakafu.

"Tangu Maulidi."

"Umesema nini, binti?"

"Kimeanza Maulidi. Hii ni Ramadhani. Ni miezi sita." Akatia mkono kikapuni, akatoa ile barua yenye madoa. Alikuwa ameichukua kijalubani alfajiri ile bila kumwambia mtu. "Na hii waliandika Rajabu."

Hatibu akageuka. "Wewe mtoto. Tangu lini unaingilia mazungumzo ya wakubwa?"

"Mwache aingilie," alisema Daktari Singano. Alikuwa ameifunua barua na anaitazama ile mistari miwili. "Wakubwa mmekaa kimya nusu mwaka."

Bi Mwanakombo hakumkemea mpwa wake. Alimtazama tu, na jicho lile Zuena hakulijua maana yake, wala halijui mpaka leo.

Mtu angedhani kuwa hapo mambo yalikimbia. Hayakukimbia. Daktari alikata kinyama kidogo kama kucha, akakitia ndani ya chupa, chupa ikapanda basi kwenda Dar es Salaam kupimwa, kwa kuwa mkoa mzima haukuwa na mtu wa kupima. Wakarudi nyumbani kusubiri. Wiki mbili, wiki nne, wiki tano. Jibu lilipokuja lilisema chupa imefika imepasuka, kinyama kimekauka, kikatwe kingine. Daktari Singano aliisoma karatasi ile mbele yao, akaikunja, akaikunja tena, akaikunja mpaka haikukunjika. Akakata kingine. Safari hii alimpa mtu aliyemwamini aipeleke chupa mkononi.

Jibu la pili lilikuwa neno moja ambalo watu wa Magofuni walikuwa hawalitamki ila kwa kunong'ona: kansa. Ilikuwa imeanzia shavuni, imeingia taya, na imeteremka shingoni.

Sasa aende Dar es Salaam, tena upesi. Hatibu akaitisha kikao cha ukoo. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu mdogo wao wa Korogwe hakufika. Kikao cha pili alifika, wakajadili nani atamsindikiza, na kama mwanamke anaweza kukatwa uso akabaki na heshima yake. Watu wazima saba walizungumza kutoka baada ya alasiri hadi magharibi kuhusu uso wa mtu aliyekuwa amelala chumba cha pili, anasikia kila neno. Mwishowe Bi Mwanakombo alitoka mwenyewe, amejifunga kanga mbili, kibindo kimekazwa. Akawaambia, kwa ule mwanya wa kidole kimoja, kwamba uso ni wake, na basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Dar es Salaam nako kulikuwa na foleni. Ilikuwa foleni ya kitanda, ikafuata ya kukatwa, kisha ya mashine ya mionzi ambayo siku hii ilifanya kazi na siku ile ikapumzika. Zuena alilala kwenye kibaraza cha wodi na wasindikizaji wenzake miezi mitatu. Kila mmoja alikuwa na habari ya namna ile ile: kijiuvimbe cha shingo kilichoitwa mtoki, sauti iliyokauka ikaitwa mafua, kidonda cha ulimi kilichoitwa jino. Hakuna aliyechelewa kwa sababu moja. Kila mmoja alichelewa kwa sababu ndogo ndogo nyingi, na kila sababu ilikuwa nzuri.

Daktari aliyemkata aliwaeleza waziwazi. Angelikuja wakati kidonda ni punje ya mtama, wangekata kipande cha ukubwa wa ukucha, akashonwa, akarudi nyumbani na shavu lake. Sasa walitoa nusu ya taya na shavu, wakaziba pengo kwa nyama iliyotolewa kifuani. Aliishi, na kwa hilo Mungu ashukuriwe. Lakini alirudi Magofuni na uso uliobonyea upande mmoja, mate yasiyomezeka, na maneno yaliyotoka yamevunjika.

Watu walimtarajia ajifungie ndani. Hakujifungia. Siku ya nne aliketi barazani kama zamani, majani mbele yake, akakunja tambuu za kuuza. Yeye hakula tena. Kuonja akamwachia Zuena, kisha baada ya siku chache akabadili shauri: akampiga kofi la mkono Zuena alipotaka kutia jani mdomoni, na kuanzia hapo chokaa ya baraza ile ilipimwa kwa kidole tu. Wateja walisema haina ladha. Aliwaacha waseme.

Ulipita mwezi mmoja au miwili. Jioni moja akaja Bi Mgeni, mtengeneza tambuu wa mtaa wa pili, mwanamke mcheshi, rafiki yake tangu usichana. Akaketi, akachukua jani, akatia mdomoni upande wa kulia huku anasimulia kisa cha mkwewe. Bi Mwanakombo aliacha kukunja.

Akamwonyeshea Bi Mgeni kidole kwenye shavu la kushoto, akainua nyusi.

"Aa, huku kumeungua," alisema Bi Mgeni. "Chokaa hizi za siku hizi. Nimehama shavu, sina neno."

Bi Mwanakombo akauliza lini. Bi Mgeni hakumwelewa. Bi Mwanakombo akauliza tena, bado hakueleweka, ndipo Zuena akasema kwa niaba yake.

"Anauliza tangu lini, Bi Mgeni."

"Tangu ile mvua ya vuli. Hata haliumi, mwanangu. Kidonda kisichouma kinapona."

Zuena alimtazama shangazi yake akiyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka mdomo wa mwingine. Uso ule uliobaki nusu ulibadilika rangi. Bi Mwanakombo alisogea mpaka akamkaribia rafiki yake, akamshika kidevu kwa vidole vyenye madoa ya katu, akasema jambo. Lilitoka kama maji yanayochemka. Bi Mgeni akacheka kidogo kwa aibu, akamtazama Zuena, maana hakuambulia hata neno. Bi Mwanakombo akarudia, kwa nguvu, mate yakamtoka, akayafuta kwa kanga. Watu waliokuwa sokoni wakageuka.

Zuena alikuwa amelielewa tangu mara ya kwanza. Alikuwa na haya ya kulisema mbele ya watu wale wote. Lakini shangazi yake alimgeukia, akamsubiri.

"Anasema," alisema Zuena, "kuhama shavu si kuhama kidonda."

Bi Mwanakombo akatikisa kichwa kuwa ndiyo, ndivyo. Kisha akaondoa kanga iliyomfunika shingo na taya, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mtu, akamwachia Bi Mgeni atazame kadiri apendavyo.

Bi Mgeni akasema basi atakwenda wiki ijayo, baada ya mkwewe kuondoka. Bi Mwanakombo hakubishana naye. Aliingia ndani, akatoka amevaa buibui, akamshika rafiki yake mkono wakaondoka. Chano kikabaki barazani na tambuu hamsini za watu, na ilikuwa mara ya kwanza Magofuni kuona chano cha Bi Mwanakombo kimeachwa bila mtu. Walilala kwa jamaa karibu na stendi ili wasikose basi la alfajiri, na kabla ya saa tatu Bi Mgeni alikuwa amekaa mbele ya Daktari Singano. Kidonda chake kilikuwa kidogo kuliko punje ya hindi. Kilikatwa kikaisha. Aliishi akazika waume wawili, na kila alipokutana na mtu anayezunguka jambo badala ya kulikabili, alimwambia maneno yale. Watu wakayachukua, wakayatia kwenye madeni, kwenye ndoa, kwenye paa linalovuja, na sasa yamefika kwenye bomba.

Bi Mwanakombo aliishi miaka mitatu. Kisha ugonjwa ukarudi shingoni, na safari hii hakuna aliyechelewa, ila ugonjwa wenyewe ulikuwa umetangulia siku nyingi.

Habari ya Bi Zuena iliishia hapo. Akauvuta ungo, akatoa chenga mbili tatu za mchele, akauweka tena. Mmoja wa wasichana, aliyekuwa amekaa karibu naye, akasema kwamba afadhali yeye aliongea pale hospitali, la sivyo daktari angeandika mwezi mmoja.

"Kila mtu huniambia hivyo," alisema Bi Zuena. "Miaka arubaini naambiwa, Zuena ndiye aliyesema. Nami nanyamaza, nazipokea sifa zao. Sasa nisikilizeni, maana hili sijamwambia mtu, hata yeye mwenyewe sikumwambia, na nilimwuguza mpaka siku ya mwisho. Mimi nilikiona kidonda kile kikiwa punje ya mtama. Nilikuwa na maneno mawili: twende hospitali. Tangu Maulidi yalikuwa mdomoni mwangu. Leo nikasema ana wateja, kesho nikasema atanicheka, keshokutwa nikasema mimi ni nani, nimesoma darasa la tano. Nimesoma barua nikaikunja. Miezi sita niliyatoa upande huu nikayaweka upande ule, kama yeye na jani lake, na yeye alikuwa hajui anachokifanya. Mimi nilijua. Kuhama shavu si kuhama kidonda."